Nani Anaziba Matundu ya Shanga?

Naomba mnieleze, ninyi wenzangu mnaotunga hereni za shanga nyumbani hapa Bukavu: ni nani anayeziba matundu ya shanga kabla hazijafika sokoni? Juzi jioni, umeme ukiwa umekatika na mshumaa umesimama juu ya kifuniko cha kopo, nilikuwa nimebakiza safu mbili tu za hereni ya kushoto, nikachomeka sindano katika ushanga wa buluu wenye upana wa milimita 2 hivi, ikagoma. Nikachukua wa pili, ukapasuka na kukata uzi, na kazi ya saa 3 ikamwagika sakafuni, chini ya kitanda, hadi ndani ya kiatu cha mtoto. Nani atalala hapo? Hata ule unaopitisha sindano ni mnene kuliko wenzake, kwa hiyo safu inapinda kama njia ya kupanda mtaa wa Kadutu. Katika pakiti moja ninatupa konzi nzima! Kisha mteja anaipima jozi kiganjani na kuuliza: "Mama, vitu vidogo hivi, mbona bei kubwa?" Vidogo? Macho yananiwaka moto, na hereni ya kulia bado sijaigusa.