Cheti kiko ofisini, buibui yuko kwenye mtambo

Juzi kwenye kikao nilisema uoni (umbali ambao jicho linafika) unaotoka kwenye mtambo wetu wa hali ya hewa hapa kiwanja cha ndege siuamini. Bosi mmoja akafungua faili, akatoa karatasi yenye muhuri, akaigonga gonga kwa kidole. "Mtambo una cheti. Sasa wewe unabishana na cheti?" Watu wakacheka. Nikanyamaza, ila toka siku ile kitu kimenikaa kooni, kwa hiyo wacha nikitemee hapa.

Ndiyo bosi. Nabishana na cheti.

Cheti kinasema siku ile mkaguzi alipokuja na begi lake la vipimo vya rejea, kila kitu kimepanguswa mpaka kinang'aa (maana wote tulijua anakuja), mtambo ulisoma sawa. Basi. Hakisemi chochote kuhusu leo saa kumi na moja alfajiri. Ni sawa na mtu akutolee picha ya harusi kukuthibitishia kwamba ndoa yake haina shida.

Na hata ukisema "una cheti", cheti cha nini? Marekani wana madaraja ya AWOS, yaani mitambo inayopima hali ya hewa kiwanjani yenyewe bila mtu, kuna AWOS A inayotoa mgandamizo wa hewa peke yake, AWOS I haipimi uoni kabisa, mpaka ufike II ndo unapata uoni, III ndo unapata mawingu. Zote zinaweza kuwa na karatasi safi kabisa. Mtu anakwambia kwa kifua mbele "kiwanja chetu kina AWOS", na wewe unaitikia kwa kichwa.

Ngoja niwape kisa. Kuna alfajiri nilikuwa zamu, kioo cha kompyuta kinaniambia uoni mita 900. Nikatoka nje. Taa za mwisho wa ranwei naziona, mlima wa nyuma yake nauona, nyota nazo zipo. Nikarudi ndani, 900. Nikachukua tochi nikaufuata mtambo. Kile kihisi (wengine wanaita sensa, ila mimi nikisikia sensa nasubiri karani aje kunihesabu) kina mikono miwili imeinama kama watu wawili wanatafuta shilingi chini, na katikati ya ile mikono buibui alikuwa ametandaza utando wake vizuri kabisa, umande umejipanga kwenye nyuzi kama shanga. Nikautoa kwa brashi. Namba haikupanda hapo hapo maana ni wastani wa dakika kumi, ikawa inajikongoja, 1,200, 2,500, 6,000, mwisho 9999, yaani kilomita kumi au zaidi. Cheti kilikuwa hai muda wote huo.

Sasa hapa ndo naomba watu wanisikilize, maana hata mafundi wengine hawajui. Kihisi hiki hakiangalii mbali. Kinarusha mwanga kwenye kakipande ka hewa unakoweza kukakumbatia, halafu kinapima mwanga uliotawanyika ukafika upande wa pili. Mwanga mwingi uliotawanyika, kinasema ukungu. Mwanga kidogo, kinasema hewa safi. Utando wa buibui unatawanya mwanga, kwa hiyo kinadhani ni ukungu. Huo ni uongo, ila ni uongo wa upande salama, ndege zinazungushwa angani, abiria wanalaani, watu wanafika wamenuna.

Haya, geuza. Badala ya buibui weka vumbi kwenye lenzi. Au chumvi. Au tope lililorushwa na mvua. Mwanga unaotoka umepungua, unaorudi umepungua tena, kwa hiyo kihisi kinapokea mwanga kidogo, na mwanga kidogo kwake maana yake ni nini? HEWA SAFI. Yani kadiri lenzi inavyochafuka ndivyo mtambo unavyozidi kumwambia rubani karibu, huku ni kweupe. Ile mitambo ya zamani inayorusha mwanga kutoka nguzo moja hadi nyingine ikapima uliobaki, hiyo ikichafuka inasoma uoni mbaya kuliko uhalisia, inakosea kwa uoga. Hii mipya inakosea kwa ujasiri. Mimi nikichagua wa kunidanganya usiku wa ukungu, namchagua mwoga.

Watengenezaji wanalijua hili, nisiwaonee. Vihisi vingi vinapima uchafu wa lenzi yake vyenyewe, vinafidia, na ukizidi vinatoa onyo. Vizuri sana. Onyo linaenda kwa nani? Kule Marekani ASOS (ndugu yake AWOS) ikijiona inahitaji kuangaliwa inaweka alama ya $ mwisho wa METAR, ile taarifa fupi ya hali ya hewa ya kiwanja wanayoisoma marubani. Kaa na METAR za kule kidogo tu utaiona hiyo dola. Marubani wameizoea kama ile taa ya injini kwenye gari ya mjomba, inawaka tangu ainunue.

Na kabla hamjaniandikia kwamba binadamu naye anakosea: najua. Nimewahi kufanya kazi na mtu anayenakili taarifa ya saa iliyopita na kubadilisha saa tu. Mashine haisinzii. ASOS zilianza kuenea miaka ya 1990, leo ziko zaidi ya 900, na viwanja vingi ambavyo usiku havikuwa na hata mtu wa kuangalia nje vimepata angalau kitu. Sawa. Nimekubali. Tuendelee.

Mawingu yanapimwa na leza inayopiga juu wima, inaona kilichopita utosini pake na si kingine. ASOS inachukua dakika 30 zilizopita na kuzipa 10 za mwisho uzito mara mbili, hesabu nzuri kama mawingu yanatembea. Ukungu ukikaa ng'ambo ya ranwei na kugoma kusogea, leza haina habari. Anemometa (vipima upepo) za mawimbi ya sauti nazo ndege (wa mbawa, sio wa tiketi) wanazipenda kama kiti.

Kinachoniuma ni kwamba jinsi ya kufanya vizuri tunaijua, maana kwenye mgandamizo tumefanya. ASOS ina barometa (vipima mgandamizo) mbili, kwenye viwanja vyenye mnara wa kuongozea ndege ni tatu, zinalinganishwa, na zikipishana kupita kiasi mtambo hautoi mgandamizo kabisa. Unafunga mdomo. Kwa nini? Kwa sababu hektopaskali moja ya mgandamizo ni kama futi 28 kwenye altimeta, kile kipimo kinachomwonyesha rubani yuko juu kiasi gani. Tarehe 23 Mei 2022, Paris Charles de Gaulle, barometa zilikuwa nzima, ni mdomo wa muongoza ndege tu uliosema mgandamizo ni 1011 badala ya 1001, na ndege ya abiria A320 ikashuka ndani ya mvua mpaka futi 6 kutoka ardhini, ranwei bado haijafika. Futi sita! Mlango wa nyumba ni mrefu kuliko hapo. Walipaa tena wakapona.

Kwa hiyo mgandamizo umefundishwa kusema "sijui". Uoni kwenye kiwanja kidogo ni kihisi kimoja, hakina wa kumuuliza, kinasema tu. Kuweka mistari //// mahali pa namba kwenye METAR AUTO (ile inayotolewa na mtambo peke yake) kunaruhusiwa, na kila ikitokea kuna mkubwa anapiga simu kuuliza kwa nini "tunaaibika". Mistari ni aibu, namba ya uongo sio aibu.

Halafu kuna kimya cha aina nyingine, ambacho hicho hata sikitetei. San Diego, 22 Mei 2025, alfajiri, Citation, ndege ndogo ya jeti, inakwenda kiwanja cha Montgomery-Gibbs kwenye ukungu. ASOS ya pale imekufa. Muongoza ndege anamwambia rubani imekufa, ikabidi watumie hali ya hewa ya kiwanja jirani cha Miramar. Taa za kumwelekeza rubani kwenye ranwei nazo zilikuwa hazifanyi kazi. Watu sita waliokuwa ndani walikufa. Sisemi mtambo ndo uliwaua, rubani ana maamuzi yake na wachunguzi wana kazi yao. Nasema ukaguzi unauliza kama barometa inasoma sawa, ila swali la umeme na laini ya mawasiliano, na la mtambo umekufa saa ngapi mwezi huu, linapewa mstari mmoja chini ya fomu kama halipo kabisa.

Ninachotaka ni kidogo tu. Pembeni ya cheti wekeni karatasi ya pili, marubani waione: lenzi ilifutwa lini na nani, na mwezi huu mtambo umekuwa kimya saa ngapi. Haina haja ya muhuri.

Leo asubuhi nilienda na kitambaa cheupe nikaifuta lenzi yetu yenye cheti. Kitambaa kilitoka na rangi ya chai ya rangi. Sijakifua. Nimekiweka kwenye bahasha, nimeibana kwenye faili la bosi juu kabisa, mbele ya ule muhuri. Kikao ni Jumanne.