Mazingaombwe ya Jukwaani: Hoja ya Sanaa na Shaka Zake

Machi 2016, mbunge wa Texas, Pete Sessions, aliwasilisha katika Baraza la Wawakilishi la Marekani azimio namba 642, lililotaka mazingaombwe yatambuliwe kuwa sanaa adimu na hazina ya taifa. Azimio hilo halikupitishwa, na wapo waliolibeza kuwa ni kulipotezea Bunge muda. Bezo hilo, hata hivyo, halijibu swali la msingi, yaani kama fani inayotegemea kuyahadaa macho ya watu inaweza kuinufaisha jamii.

Wenye shaka wana hoja nzito zaidi ya hiyo. Mwaka 1856 serikali ya Ufaransa ilimtuma Algeria Jean-Eugène Robert-Houdin, fundi saa aliyegeuka mwanamazingaombwe, ili kuonyesha kwamba uwezo wa Wafaransa uliwazidi viongozi wa dini wa wenyeji. Mwanamume mwenye nguvu aliitwa jukwaani akainua kisanduku bila taabu. Kisha, sumaku ya umeme iliyofichwa ilipowashwa, akakivuta mpaka jasho likamtoka bila kukisogeza, na mwisho umeme uliopitishwa kwenye kishikio ukamtetemesha. Ufundi uliowaburudisha watazamaji wa Paris ukawa silaha ya ukoloni, kwa kuwa safari hii mtazamaji alikusudiwa kuamini, si kustaajabu tu.

Lakini ujuzi huohuo ndio uliomwezesha Harry Houdini, mwanamazingaombwe maarufu wa Marekani, katika miaka ya 1920, kuwaumbua waliodai kuzungumza na wafu na kuwatoza fedha wafiwa. Alizitambua hila zao kwa sababu alizijua kwa vitendo, jambo ambalo hata msomi makini angeweza kulikosa. Hapa ndipo ninapoona mpaka wa sanaa na utapeli: mwanamazingaombwe hutangaza mapema kwamba atadanganya.

Kuhusu manufaa kwa jamii, nadhani watetezi hulisifu onyesho kupita kiasi na kuyasahau mafunzo. Onyesho huisha usiku uleule. Mpango ulioanzishwa na mwanamazingaombwe wa Marekani David Copperfield mwaka 1982 ulipeleka mazingaombwe kwa wagonjwa wanaorudishiwa uwezo wa viungo: kuificha sarafu kiganjani huku vidole vikionekana vimelegea kunahitaji misuli midogo ifanye kazi kwa mpangilio, na mgonjwa aliyechoshwa na mazoezi ya kawaida hupata sababu ya kurudia, kwa kuwa sasa anajua jambo ambalo hata daktari wake huenda halijui.

Kikwazo ni usiri, ambao hulinda mshangao lakini pia hufunga milango. Chama cha wanamazingaombwe cha Magic Circle cha London, kilichoanzishwa mwaka 1905, kiliwakubali wanawake mwaka 1991 tu, na siri za ufundi hazielezi kwa nini ilichukua miaka 86. Kwa hiyo, mwanamazingaombwe anayeomba fedha za umma kwa jina la jamii aulizwe kwanza anamfundisha nani, ndipo aulizwe ukumbi wake unajaza watu wangapi.