Msamaha wa matibabu na dawa isiyokuwepo dirishani

Mzee wa miaka 60 na kuendelea asiye na uwezo anapaswa kutibiwa bure katika vituo vya afya vya serikali Tanzania Bara. Ndivyo inavyosema Sera ya Afya ya 2007, na hospitali kadhaa zimetenga hadi dirisha la wazee. Mzee anaandikishwa bure, anamwona daktari bure. Akifika dirisha la dawa anarudishiwa cheti: dawa hii hatuna, kanunue nje. Kwa mwenye presha au kisukari, mzigo wenyewe uko hapo hapo. Daktari anamwona mara chache kwa mwaka, lakini vidonge anatakiwa ameze kila siku hadi mwisho wa maisha yake.

Wengi husema dawa zimeibwa au watumishi ni wazembe. Yapo hayo, ila hayatoshi kueleza tatizo la nchi nzima. Tangu wagonjwa waanze kuchangia gharama za matibabu mwaka 1993, sehemu ya fedha za kununulia dawa hutoka mifukoni mwa wagonjwa: wanalipa, kituo kinakusanya, kinaagiza tena Bohari ya Dawa, ghala la dawa la serikali. Serikali nayo hupeleka fungu lake, lakini aliyesamehewa hana mtu anayekirudishia kituo gharama yake. Kila anayesamehewa anapunguza uwezo wa kituo kuagiza shehena inayofuata. Kwa hiyo mganga mkuu wa hospitali ya wilaya anayetoa misamaha kwa moyo safi ndiye atakayeishiwa dawa mapema.

Hata hivyo siwezi kuungana na wanaotaka misamaha ifutwe, kila mtu akate bima. Msamaha una sifa ambayo bima haina: unamfikia mtu akiwa tayari mgonjwa, hata kama hakuwahi kuchangia senti. Bima inataka ulipe ukiwa mzima, na mkulima anayepata fedha mara moja kwa mwaka, wakati wa mavuno, hulipia kwanza kinachomuuma sasa. Mfuko wa Afya ya Jamii ulioboreshwa, bima ya hiari ya kaya, ulitoza kaya ya watu sita Sh30,000 tu kwa mwaka, na bado kaya nyingi hazikujiunga. Sidhani ni ujinga. Mwenye kadi ya mfuko huo naye alikuwa akifika dirishani na kuambiwa akanunue nje. Nani alipie mwaka mzima kitu ambacho jirani yake alikikosa?

Utaratibu wa kuthibitisha umaskini nao una pande mbili. Barua inaanzia kwa mwenyekiti wa mtaa au kijiji, inapita kwa mtendaji, inaishia kwa ofisa ustawi wa jamii hospitalini. Bila uchujaji huo, wenye kujuana wangepita mbele na wasio na kitu wangebaki foleni. Lakini anayeamua nani asamehewe ni mtumishi wa hospitali ile ile itakayobeba hasara. Tena mgonjwa anapaswa kueleza ufukara wake mbele ya watu, huku akiumwa. Wapo wanaoona heri kukopa au kuuza kuku.

Kuna dawa, hata hivyo, ambazo hazimtaki mtu barua. Mgonjwa wa kifua kikuu na anayetumia dawa za kufubaza VVU hupewa bure, awe tajiri au maskini, na kwa kawaida anazikuta. Sababu ni kwamba dawa hizo zilipangiwa fedha zake na ununuzi wake, hazitegemei makusanyo ya dirishani. Doa la mpango huo tuliliona Januari 2025, Marekani ilipositisha misaada yake na huduma za VVU zikatetereka katika nchi nyingi za Afrika. Tatizo lilikuwa fedha kutoka kwa mwingine. Namna yenyewe ya kununua dawa kwa fungu maalumu ilikuwa sahihi.

Sasa ipo Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, iliyopitishwa na Bunge Novemba 2023. Inataka asiye na uwezo alipiwe bima na serikali. Kihesabu hii ni hatua kubwa kuliko msamaha, kwa kuwa maskini akitibiwa, kituo kinalipwa, na kikilipwa kinaweza kuagiza dawa. Hofu yangu ni malipo yakichelewa. Kituo kinachodai miezi mingi kitamtazama mwenye kadi ya serikali kama kinavyomtazama leo aliyesamehewa. Na mabishano ya bei huwa yanamwangukia mgonjwa: Machi 2024, hospitali binafsi zilipogoma kuhudumia wanachama wa Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya (NHIF) kwa sababu ya kitita kipya, yaani orodha ya huduma na bei ambazo mfuko huo ungelipa, wenye kadi halali walijikuta wakitakiwa kutoa fedha taslimu.

Kwa maoni yangu, bima ya maskini iende sambamba na orodha fupi ya dawa za presha na kisukari zinazonunuliwa kwa kodi zetu na kugawiwa kama dawa za kifua kikuu, bila barua. Watakaopinga watasema mwenye gari naye atazichukua. Kweli, atazichukua. Lakini vidonge vya kawaida vya magonjwa haya si ghali vikinunuliwa kwa wingi, na anayevikosa leo anaweza kurudi na kiharusi au figo zilizokufa, akihitaji kusafishwa damu mara mbili tatu kwa wiki.

Zaidi ya hayo, nani tutamwita asiye na uwezo? Orodha za kaya maskini za Mfuko wa Maendeleo ya Jamii (TASAF) zinawatambua walio chini kabisa. Mama lishe na dereva wa bodaboda hawamo, na katika mwezi wa kawaida wanamudu chakula na kodi ya chumba. Mama lishe huyo akiambiwa ana kisukari, TASAF haimjui, hana bima, na barua ya mtaa hataipata kwa sababu kila asubuhi anaonekana akiuza.