Kwa nini watu hawaondoki Counter-Strike?

Agosti 23, 2024 Sony iliingiza sokoni gemu ya kufyatuliana risasi mtandaoni iitwayo Concord, kwa dola 40. Septemba 6 seva, yaani kompyuta za kampuni zinazoendesha mechi, zilizimwa na wanunuzi wakaanza kurudishiwa pesa zao. Ilikuwa kazi ya miaka kadhaa, na studio iliyoitengeneza ilifungwa mwezi uliofuata. Kwenye Steam, duka kubwa la mtandaoni la gemu za kompyuta, siku iliyojaa kuliko zote, waliokuwa ndani kwa wakati mmoja hawakufika hata 700.

Wiki hizohizo, kwenye Steam hiyohiyo, Counter-Strike ilikuwa inapitisha watu milioni moja kwa wakati mmoja kila siku. Ni gemu iliyoanza mwaka 1999 kama nyongeza tu ya gemu nyingine, Half-Life, kazi ya vijana wawili, Minh Le na Jess Cliffe. Mwaka 2025, katika toleo lake la sasa la Counter-Strike 2, ilivuka milioni 1.8 kwa mpigo.

Ukiuliza kwa nini, utajibiwa na kambi mbili. Ya kwanza itasema gemu ni nzuri, basi. Ya pili itacheka na kusema watu wamenasa: wametia pesa kwenye mapambo ya bunduki, wamezoea, na hawana pa kwenda. Mimi naegemea kambi ya kwanza, ila ya pili ina hoja ambazo mashabiki wenzangu huzikwepa, na tukizikwepa hatutaelewa kwa nini nyingine zinakufa.

Anza na gemu yenyewe. Timu mbili, watano kwa watano. Mechi inaanza kila mtu akiwa na dola 800 za ndani ya gemu, na kila kitu kinanunuliwa. AK-47 ni 2,700. AWP, ile bunduki ya kudungulia kutoka mbali, ni 4,750. Mkishinda raundi kila mmoja anavuta 3,250 au zaidi. Mkishindwa mnapewa 1,400, na mkiendelea kupigwa mfululizo fidia hiyo inapanda kwa 500 mpaka ifike 3,400. Kwa hiyo timu inayochapwa haifi njaa, lakini lazima ikubaliane: raundi hii tununue, au tubane matumizi ili inayofuata tuingie kamili? Mwenye pesa anamnunulia asiyenazo. Asiyesikia la wenzake anawaharibia wote.

Halafu kuna bomu. Likishategwa lina sekunde 40. Kulitegua mikono mitupu kunakula sekunde 10; ukiwa umenunua koleo la dola 400, sekunde 5. Sasa mweke mtu aliyebaki peke yake, bila koleo, huku adui mmoja yuko hai pembe fulani. Anagusa bomu mara moja na kuachia papo hapo, makusudi, ili ile sauti ya kuanza kutegua imtoe adui mafichoni. Wenzake wanne waliokwisha kufa wanamtazama kupitia macho yake, mmoja anapiga kelele, mwingine anamwambia mwenzie anyamaze. Akifanikiwa, watakumbushana mwezi mzima. Akishindwa, kila mmoja anajua kosa lilikuwa wapi.

Hilo la kujua kosa ndilo nalipa uzito kuliko yote. Hakuna silaha ya kulipia pesa halisi inayopiga kwa nguvu zaidi, hakuna shujaa mpya wa msimu anayevuruga mizani. Ramani ya Dust2, yaani uwanja wa mapigano, kazi ya Dave Johnston, ipo tangu 2001, na mtu aliyeiacha akiwa shule anaweza kurudi leo akiwa na watoto na bado akajua mlango gani wa kuchungulia. Wacheza drafti wa kijiweni hawadai ubao mpya kila baada ya miezi mitatu, na hawa nao hawaudai. Kinachobadilika ni wewe: mwezi uliopita ulikuwa hujui kurusha bomu la moshi kutoka pale, sasa unajua.

Haya, kambi ya pili.

Agosti 2013 Valve, wenye gemu, walileta skini: rangi na michoro ya bunduki isiyobadilisha chochote kwenye mapigano. Unapata kasha, unanunua ufunguo kwa dola 2.49, unafungua, unaomba Mungu. Mwaka 2017 kampuni inayoiendesha gemu hiyo China ililazimika kutangaza uwezekano wa kila tuzo, na kisu, ambacho kila mtu anakitaka, kilikuwa na nafasi ya asilimia 0.26. Yaani kisu kimoja kwa makasha karibu 385. Ubelgiji na Uholanzi ziliona hiyo ni kamari, na mwaka 2018 wachezaji wa huko walizuiwa kufungua makasha. Skini zinauzika, na baadhi zina bei ya gari. Mtu mwenye mali ya namna hiyo ndani ya akaunti, je, anaendelea kuingia kwa sababu anapenda kutegua bomu?

Kambi hii ina hoja nyingine, na hii inanibana zaidi. Ile idadi tunayojivunia si ya watu pekee. Kila wiki akaunti iliyolipiwa ikipanda ngazi inapewa tuzo, na tuzo inauzika. Kwa hiyo kuna watu wanaoendesha akaunti lukuki kwa programu, zinatembea ovyo kwenye mechi zisizo na maana kukusanya makasha. Steam inazihesabu kama wewe na mimi. Milioni 1.8 ni akaunti, na si lazima kila moja iwe na mtu nyuma yake.

Na kuna Septemba 2023. Valve walipotoa Counter-Strike 2 hawakuiweka kando ya ile ya zamani, walibadilisha moja kwa nyingine. Uliamka ukaikuta imeshajipakua. Baadhi ya aina za mechi hazikuwepo, mechi imefupishwa kutoka ushindi wa raundi 16 hadi 13, na malalamiko kuhusu wanaodanganya kwa programu za kuwalengea yakazidi. Watu walinung'unika sana. Walioondoka? Wapo, ila walio wengi walibaki. Kambi ya pili inasema huo ndio ushahidi: mteja anayelalamika kila siku na haondoki, huyo amenasa.

Kwa muda mrefu ubishi huu haukuwa na mwamuzi, kwa sababu huwezi kuondoa skini uone nani atabaki. Kisha Oktoba 2025 Valve, bila kutaka kumfurahisha mtu yeyote, wakatupa kitu kinachokaribia jaribio. Sasisho moja liliruhusu skini tano nyekundu, zile za daraja la juu, zibadilishwe kwa kisu au glovu. Visu vikaongezeka, bei za visu zikaporomoka ndani ya siku mbili, na makadirio ya wanaofuatilia soko yalitaja hasara ya karibu dola bilioni 2 za thamani. Kuna watu waliamka maskini, kwa hesabu za kwenye skrini.

Na siku zilizofuata? Zaidi ya milioni moja waliendelea kuingia kwa wakati mmoja, kama kawaida.

Mashabiki walishangilia kwamba hoja imekwisha. Haijaisha. Visu viko mikononi mwa wachache. Mchezaji wa kawaida ana bunduki mbili tatu zenye rangi, thamani yake chakula cha mchana. Hakuwa na cha kupoteza, na wenye skini nyekundu hata walifaidi skini hizo zilipopanda bei. Nisemacho ni dogo kuliko hilo: skini kama mali inawashika wachache, na skini kama pambo inawafurahisha wengi, lakini hakuna kati ya hizo mbili inayoonekana kubeba jengo. Kama ingekuwa nguzo, jengo lingetikisika.

Umaarufu, kwa upande wake, hauna shida. Unanunulika. PUBG, gemu nyingine ya risasi, ilifikisha watu milioni 3.2 kwa wakati mmoja Januari 2018, rekodi ambayo Steam haijaiona tena, na baadaye ikapungua mpaka sehemu ndogo ya hapo. Bado ina afya, lakini wengi wa wale walikuja kama wanaokuja harusini. XDefiant, gemu ya risasi ya kampuni ya Ubisoft, ilitoka Mei 2024, ikapata wachezaji zaidi ya milioni 10, ikatangaziwa kifo Desemba ileile, na seva zikazimwa Juni 2025. Ubisoft wenyewe walikiri kwamba haikuweza kuvuta na kubakiza wachezaji wa kutosha.

XDefiant inanipeleka kwenye ugomvi mkubwa kuliko wa skini: nani acheze na nani. Gemu nyingi za sasa zina mfumo wa siri unaopima uwezo wako na kukupanga na watu wa kiwango chako. Wachezaji hodari wanauchukia, hasa wanaorusha mechi zao mubashara. Wanasema kila mechi imekuwa fainali, hakuna tena jioni ya kucheza umelegea, na ukiingia na rafiki asiyejua, unamtupa kwenye tanuri lako. Malalamiko haya yana haki. Mtu aliyehangaika mpaka akawa mzuri anatamani siku moja moja auone uzuri huo, na mfumo unampa wapinzani wazuri kama yeye ili matokeo yabaki nusu kwa nusu.

Julai 2024 Activision, wenye Call of Duty, walichapisha matokeo ya jaribio. Walipunguza uzito wa kiwango katika kupanga mechi kwa sehemu ya wachezaji wa Amerika ya Kaskazini bila kuwaambia. Katika asilimia 90 ya wachezaji, idadi ya waliorudi ilipungua. Ile asilimia 10 ya juu ndiyo iliyonufaika. Na hata hao, ukifikiri, furaha yao ingedumu mpaka walio chini yao waishe.

Kampuni inajitolea ushahidi yenyewe, na hilo tuliweke mezani. Kipimo chake ni kurudi, na kurudi si sawa na kufurahi. Mcheza kamari naye anarudi. Lakini tukumbuke nani anasikika. Aliyefungwa mechi sita mfululizo na watu wanaomzidi haandiki malalamiko marefu wala kurekodi video. Anafuta gemu kwenye kompyuta na kuendelea na maisha yake. XDefiant ilijitangaza kwamba mechi zake za kawaida hazipangi watu kwa kiwango, hodari wakaisifu, na tunajua ilipoishia. Sisemi hilo ndilo lililoiua, maana risasi zake zilikuwa na tabia ya kukupata ukiwa umeshajificha nyuma ya ukuta, na kwenye Steam haikuwepo kabisa. Ila sifa za hodari hazikuiokoa. Cha ajabu, Novemba 2025 Call of Duty hiyohiyo ilitoa Black Ops 7 ikiwa imepunguza uzito wa kiwango katika mechi za kawaida. Hodari walishinda hoja ambayo takwimu za kampuni yenyewe ziliikataa.

Kwetu Afrika Mashariki ubishi huu unafika ukiwa umebadilika sura. Mfumo wa kupanga unapima hasa vitu vitatu: umbali wa seva, uwezo wa wachezaji na muda wa kusubiri. Activision wanasema wazi kwamba umbali unatangulia. Sawa, kwa mtu wa Chicago. Mwanga ndani ya nyaya za mtandao unakwenda kilomita 200,000 hivi kwa sekunde. Kutoka Dar es Salaam hadi seva za Johannesburg kwa mstari ulionyooka ni kama kilomita 2,500, hadi za Frankfurt, Ujerumani, kama 7,000. Kwenda na kurudi Frankfurt, hata nyaya zingenyooka, ni milisekunde 70 ambazo huzipunguzi kwa kununua simu nzuri, na nyaya zenyewe hazinyooki, zinazunguka na bahari. Mei 2024, nyaya za EASSy na Seacom zilipokatika baharini, hata kutuma picha ilikuwa shughuli, sembuse kumwahi mtu kona.

Kwa hiyo huku wengi wako kwenye simu: Free Fire, PUBG Mobile, Call of Duty: Mobile. Wachezaji wa karibu yako wakiwa wachache, mfumo lazima uchague. Ukutafutie wa kiwango chako walio mbali, ugande kila ukigeuka, au wa karibu waliokuzidi mara tatu, au ukusubirishe mpaka bando liishe. Njia ya nne ni kujaza uwanja roboti, yaani wachezaji bandia wanaoendeshwa na kompyuta, wanaokimbia wima bila kujificha. Mgeni anaua nane mechi ya kwanza na kujiona simba. Ni udanganyifu, ila nauelewa: bila hizo, huyo mgeni angeuawa sekunde ya 30 na tusingemwona tena. Shida inaanza anapogundua.

Na huku hoja ya kunasa kwenye skini inakosa nguvu, kwa sababu wengi hawana cha thamani ndani ya akaunti. Wanaobaki wanabaki kwa sababu ya kikosi. Wanne wanaofahamiana, wana grupu lao la WhatsApp, saa tatu usiku mmoja anaandika "mko?" na wote wanaingia. Kampuni zinapima kubaki kwa mtu mmojammoja: amerudi siku ya pili, ya saba, ya thelathini? Vikosi haviondoki hivyo. Yule anayewaita wenzake anapata kazi ya zamu ya usiku, au simu yake inaibwa kwenye daladala, na ndani ya wiki mbili wote wanne wamepotea, bila yeyote kati yao kuwa ameichoka gemu. Kwenye takwimu wataonekana kama watu wanne walioshindwa kuvutiwa na msimu mpya, na studio itatengeneza msimu mwingine.