Mfanyakazi wa Lubumbashi, achana na gari la deni, nunua skuta

Mtu anayekaa Katuba au Ruashi na kufanya kazi katikati ya mji, mshahara wake ukiwa wa kawaida, hana chombo kinachomfaa kuliko skuta ndogo ya cc 125. Nasema hivyo nikijua wengi hawatapenda kusikia. Kwetu hapa mtu akipata kazi ya biro, ndugu na majirani wanaanza kuhesabu miezi wakingoja gari. Naye anakopa, ananunua gari lililozeeka Japani, kisha linakaa uani kuanzia tarehe 15 kwa sababu hela ya esansi, yaani petroli, imekwisha.

Lubumbashi si Bukavu. Kule ni vilima tu, na mvua ikinyesha udongo unateremka barabarani. Sisi tuko tambarare, mita kama 1,200 juu ya usawa wa bahari, na tangu mji ulipoanzishwa mwaka 1910 barabara za katikati zilichorwa zikiwa zimenyooka. Skuta inataka hivyo hivyo: gudroni, yaani lami, na umbali ambao si mkubwa. Haina klachi wala gia za kubadilisha kwa mguu. Ndani yake kuna mkanda unaozunguka kati ya puli mbili zinazopanuka na kubana kufuatana na mwendo, kwa hiyo wewe kazi yako ni kuvuta mafuta na kushika breki. Asubuhi foleni ikiwa imeganda kuanzia soko la komini yetu ya Kenya, mwenye pikipiki ya gia anakamua klachi mpaka kiganja kinauma. Wa skuta anasogea polepole bila shida.

Kuhusu esansi sitasema mengi. Injini ya namna hiyo inakunywa lita 2 hadi 2.5 hivi kwa kilomita 100, na gari kuukuu ndani ya mji linakunywa mara nne ya hapo au zaidi. Ila usiwe na mazoea ya kununua chupa kwa kadhafi, yule muuza esansi wa pembeni ya barabara. Skuta nyingi za sasa zinapuliza esansi kwa sindano nyembamba sana, na maji kidogo au uchafu kidogo unatosha kuizima katikati ya makutano. Nenda kituoni, tangi lenyewe ni la lita 5 au 6 tu.

Dharau ndiyo inayoniuma. Mdogo wangu mmoja wa kazini aliniambia, “Yaya, na diploma zako zote, bado unapanda kamoto?” Alisema kwa upendo, najua, lakini aliona aibu kwa niaba yangu. Watu wakiona magurudumu mawili wanafikiri manseba, yaani dereva wa pikipiki ya abiria, na wakifikiri manseba wanafikiri umaskini. Kwanza, manseba anayelisha watoto wake kwa jasho lake hastahili dharau ya mtu yeyote. Pili, nikifika kazini bila deni na bila kusukumana na watu mlangoni mwa taksi-bisi, sioni aibu inatoka wapi.

Sasa hatari, kwa sababu sitaki mtu anunue kwa maneno yangu kisha aumie. Congo tunaendesha kulia, lakini mji wetu umejaa magari yenye usukani kulia pia. Dereva wake amekaa upande wa mtaro. Akitaka kulipita lori, ni lazima atoe nusu ya gari katikati ya barabara ndipo aone kinachokuja mbele, na kinachokuja mara nyingine ni wewe. Angalia tena taksi-bisi ya Hiace ya namna hiyo. Ilitengenezewa Japani, ambako wanapita kushoto, kwa hiyo mlango wake wa abiria uko kushoto. Hapa kwetu upande huo ni wa katikati ya barabara. Ikisimama ghafla, mama anashuka na beseni lake kichwani palepale unapotaka kupita. Taksi-bisi iliyosimama usiipite kwa kasi. Punguza mwendo, vidole viwe kwenye breki, na utazame chini ya gari kama kuna miguu inayotua.

Halafu kuna mvua. Kuanzia mwezi wa 11 mpaka wa 3 mitaro inajaa, maji yanafunika gudroni, na shimo unalolijua tangu kiangazi huwezi kuliona tena. Gurudumu la skuta ni la inchi 10 au 12, la pikipiki ya kawaida ni 17 au 18. Shimo ambalo pikipiki inalipita kwa mtikisiko, skuta inaweza kutumbukia na kukurusha. Mvua kubwa ikianza, simama kwenye baraza la watu ungoje. Bosi atakasirika, mwache akasirike.

Na kaske, ile kofia ngumu ya kukinga kichwa. Uchunguzi uliokusanya tafiti za nchi mbalimbali ulionyesha kwamba kaske inapunguza hatari ya kufa katika ajali ya pikipiki kwa asilimia 42 hivi, na hatari ya kuumia kichwa kwa asilimia 69. Hata hivyo kila siku naona kaske imening'inizwa kwenye kiwiko, inangoja polisi ndipo ivaliwe! Nunua mbili, moja iwe ya unayembeba, na mkanda wa kidevuni ufungwe.

Kabla hujatoa pesa, muulize muuzaji kama ana ule mkanda wa ndani wa aina hiyo ya skuta. Mafundi wetu ni hodari sana kwa pikipiki za mnyororo, vipuri vyake viko kila kona. Mkanda wa skuta ni habari nyingine. Asipokuwa nao, tafuta kwa mwingine, au nunua wa akiba siku hiyohiyo.

Ningependa zaidi wanawake ndio waanze: walimu, wauguzi, wale wanaotoka zamu usiku na kungoja usafiri gizani. Skuta haina tangi katikati, unaweka miguu mbele yako, na mtu wa kikwembe anakaa vizuri bila kujikunja. Wakati Vespa ya kwanza inatoka Italia mwaka 1946, umbo lake lilikuwa hilohilo. Likelemba zetu, yaani michango ya kupokezana kwa zamu, zinanunua masufuria na viti vya sherehe, na hela hiyo ni nyingi. Kikundi cha wauguzi kumi kinaweza kuamua kwamba kila zamu ya likelemba ni skuta moja, na bei ihesabiwe pamoja na kaske mbili, plaki ya namba na bima, ili anayepokea asianze kutembea bila makaratasi. Wa kwanza kupokea awe yule anayekaa mbali zaidi.