Mmeisahau Supa Modo

Mhariri, makala yenu ya filamu bora za 2018 imeiweka Black Panther juu kabisa, na sina ugomvi na hilo. Sisi wa Kisumu tulivimba vichwa Februari ilipozinduliwa hapa kwetu. Lupita Nyong'o, aliyeigiza humo, ni binti yetu. Rafiki pia mmeitaja, vyema, ndiyo filamu ya kwanza ya Kenya kuchaguliwa kwenye tamasha la filamu la Cannes. Lakini Supa Modo hamkuigusa hata kwa mstari mmoja!

Filamu hii ya mwongozaji Likarion Wainaina ndiyo Kenya iliyoipeleka kuwania Oscar. Mimi lakini aliyenishika ni Jo, msichana wa miaka 9, mgonjwa asiye na matumaini ya kupona, anayependa sinema za mashujaa kupita kiasi. Dada yake hakubali amalizie siku zake kitandani. Anakishawishi kijiji kizima kimfanye mtoto aamini ana nguvu za ajabu.

Niliitazama nyumbani Manyatta, mama akiwa kando anakatakata sukuma. Sinema za ngumi huwa hazitazami. Safari hii, kufika katikati, kisu kilikuwa kimelala kwenye sinia na mboga nusu bado nzima. Chakula kilichelewa na hakuna aliyelalamika. Ilipokwisha akaniuliza taratibu, "Huyo mtoto kwao ni mzima kweli?" Nikamwambia ni mwigizaji tu, mama, hana ugonjwa. Akafuta macho kwa ncha ya leso, akarudia kukata mboga.