Maji ya kifuani: tuiamini namba ya ADA kiasi gani?

Mwenye TB ya mapafu akitoa makohozi, mashine ya GeneXpert huweza kutoa jibu siku hiyohiyo. Aliyejaa maji kati ya pafu na ubavu hana bahati hiyo. Maji yale huwa na vimelea vichache mno: kwa darubini huonekana kwa chini ya mgonjwa 1 kati ya 10, GeneXpert nayo hukosa nusu ya wagonjwa au zaidi, na kuvioteshea maabara huchukua wiki kadhaa.

Hapo ndipo ADA inapoingia. Ni kimeng'enya, adenosini diaminesi kwa jina refu, ambacho hupanda majini wakati chembe za kinga zinapopambana na TB. Kikifika uniti 40 kwa lita, daktari hushuku TB kwa nguvu. Ni kipimo cha bei nafuu, na hutoa jibu sahihi kwa takriban watu 9 kati ya 10, wenye TB na wasio nayo vilevile.

Wenye mashaka wana hoja. ADA haimwoni mdudu mwenyewe. Usaha kifuani na limfoma, yaani saratani ya tezi za limfu, pia huipandisha. Tena haisemi lolote kuhusu usugu wa dawa za TB kama rifampisini, na kwangu hilo ndilo pengo kubwa.

Lakini bila ADA kunabaki nini? Kutoa kipande cha utando wa pafu, kazi inayotaka mtaalamu, au kuanzisha dawa za miezi 6 kwa kukisia. Kukisia kuna mtego wake: maji ya TB mara nyingi hukauka yenyewe hata bila dawa, kwa hiyo nafuu ya mwezi wa kwanza haithibitishi kitu. Wala kungoja si salama, maana wengi wa wanaokaukiwa hivyo hurudi na TB kamili miaka michache baadaye.

Tufanye hesabu. Tuseme Kisumu, katika wagonjwa 100 wenye maji kifuani, 60 wana TB. ADA itawanasa 54 kati yao na kuwasingizia 4 wasio nayo. Ikipanda, basi, karibu kila mara inasema kweli. Lakini ikiwa chini kwa wagonjwa 42, kumbe 6 kati yao wana TB. Sasa peleka kipimo hichohicho mji wa Ulaya wenye wagonjwa 10 tu wa TB kati ya 100: itapanda kwa 18, nusu yao wasio na TB, ilhali ikiwa chini itakosea kwa mtu 1 tu kati ya 82. Kwa hiyo miongozo ya huko, inayoisifu ADA kwa kuondoa shaka, isibebwe kuja Nyanza kama ilivyo. Kwetu kazi yake ni kuthibitisha. Aliyepata namba ya chini lakini anatoka jasho usiku na homa haimwachi, asirudishwe nyumbani kwa kipande cha karatasi.

Maambukizi ya HIV, yaliyo mengi Kisumu, Siaya na Homa Bay, hayaiharibu sana. ADA hupanda hata kwa wenye kinga iliyoshuka.

Ningependa isitolewe peke yake. Maji yaleyale yahesabiwe chembe za kinga: limfosaiti, aina moja ya chembe hizo, zikitawala, ADA ya 55 ina uzito; nyutrofili, aina nyingine, zikitawala, tafuta usaha kwanza. GeneXpert ifanywe pia, hata kama hukosa, kwa sababu yenyewe huonyesha usugu wa rifampisini. Na mzee mvutaji sigara wa Nakuru ambaye maji yake yana damu na hurudi kila yakitolewa, ADA yake ikiwa 43, atafutiwe saratani hata kama dawa za TB zimeshaanza.